Deni la Macho

Waswahili husema kwamba macho hayana pazia. Msemo huu hutumika hasa kwa kujitetea. Mtu akishikwa akimkodolea macho mpita njia, au akiulizwa alisimama kufanya nini mlangoni mwa arusi ya watu asiowajua, hujibu hivyo, na aghalabu kicheko huimaliza kesi. Hoja iliyomo ndani ya msemo ni nzito kuliko kicheko chake. Inadai kwamba kilicho wazi mbele ya jicho ni halali ya jicho, na kwamba kutazama hakumpunguzii kitu mwenye kutazamwa. Mkono uchukuao huitwa mwizi, na mguu uingiao bila hodi huambiwa hauna adabu. Jicho peke yake limesamehewa kabla ya kutenda.

Msamaha huo ndio ninaotaka kuuhoji hapa. Swali ni jepesi kulitamka: je, mwenye kutazama anadaiwa chochote, ama na kile anachokitazama, ama na wale wanaoishi nacho? Nitalijadili kwa mfano mmoja, kuutembelea mji wa Kisumu na kutazama ndege katika vinamasi vya ziwa lililo kando yake. Nimeuchagua mfano huu kwa sababu ndani yake jicho linaonekana safi kuliko popote. Mtazama ndege hawindi wala hafugi, hanunui wala hauzi anachokiona. Huondoka na kumbukumbu, pengine na picha, na ndege hubaki alipokuwa. Ikiwa kuna mahali ambapo macho kweli hayana deni, ni hapa. Na ikiwa hata hapa deni lipo, basi lipo pia katika namna sisi wa ughaibuni tunavyovitazama vijiji vyetu wenyewe tunaporudi likizo.

Mji wa Kisumu umekaa kwenye pembe ya mashariki ya Ghuba ya Winam, mkono wa maji unaotoka Ziwa Victoria na kuingia ndani ya ardhi ya Kenya. Kabla ya kuwa mji wa serikali palikuwa mahali pa kubadilishana chakula, na inasemwa kwamba hata jina lake la Kijaluo limebeba maana hiyo. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika hapa mwishoni mwa 1901, na kwa muda pakaitwa Port Florence, kwa jina la mke wa mhandisi mmoja wa reli hiyo. Leo mgeni huletwa kuona machweo katika rasi iitwayo Hippo Point, kula samaki mzima kwa ugali ufukweni, kuzunguka ghubani kwa mashua, kisha, akiwa na subira, kwenda Dunga.

Dunga ni bandari ndogo ya wavuvi, kilomita chache kusini ya katikati ya mji, na pembeni yake kimetanda kinamasi cha mafunjo. Asubuhi na mapema mgeni atamwona furukombe juu ya mti mkavu akirusha kichwa nyuma na kulia. Mnandi aliyekunjua mabawa ayakaushe. Yangeyange wakitembea ukingoni. Mdiria wa madoa meusi na meupe akipepea hewani mahali pamoja kabla ya kujitupa majini. Pale wavuvi wanapopasua samaki husimama korongo wakubwa wenye vipara, wakingoja matumbo kwa utulivu wa wazee barazani. Hawa wote huonekana bila taabu. Lakini watazamaji wa ndege waliobobea hawafungi safari kwa ajili yao. Huja kwa ajili ya ndege wachache ambao maisha yao yamefungamana na mafunjo, na hasa mmoja wa jamii ya tiva, mwenye mgongo mweusi, kifua chekundu na utosi wa manjano. Huyo haishi nje ya mafunjo ya Ziwa Victoria na ya maziwa na mito iliyo jirani nalo.

Tuanze kwa kulitendea haki jicho. Wanaolitetea wana historia upande wao. Jina la kisayansi la tiva huyu, Laniarius mufumbiri, lilitolewa mwaka 1911 na mtaalamu wa Kiskoti, kwa kuifuata milima ya Mufumbiro, ile ambayo wengi huijua kwa jina la Virunga. Kwa desturi ya zama zile ndege hakupata jina kama hilo mpaka awe ameuawa, amechunwa, amejazwa pamba na kulazwa kabatini na kikaratasi kimefungwa mguuni. Makabati ya aina hiyo yapo hadi leo Tring, Uingereza, ambako Makumbusho ya Historia ya Asili huhifadhi ngozi za ndege kwa mamia ya maelfu. Ukilinganisha bunduki ya mtaalamu yule na darubini ya mtazamaji wa leo, utakubali kwamba ubinadamu umepiga hatua. Jicho limechukua kazi iliyokuwa ya risasi, na ndege amebaki hai. Hoja hii ina nguvu, wala sikusudii kuivunja. Ninachouliza ni kama inatosha.

Upande wa pili wa mizani una historia yake pia, na inatoka katika maji hayohayo. Tarehe 3 Agosti 1858, John Hanning Speke alisimama juu ya kilima karibu na Mwanza, kusini ya ziwa, akatazama maji yasiyo na mwisho wa kuonekana. Miezi sita kabla ya hapo macho yake yalikuwa yakiumwa kiasi kwamba alipofika Ziwa Tanganyika hakuweza kuliona vizuri. Sasa aliona, na kwa kuona huko kwa muda mfupi, bila kulizunguka ziwa wala kulivuka, akashikilia kwamba amekipata chanzo cha mto Nile, akaliita ziwa kwa jina la malkia wake. Ziwa halikuwa likingoja jina. Wajaluo walikuwa na Nam Lolwe yao, Waganda walikuwa na Nalubaale, na neno nyanza lilikuwa midomoni mwa watu wa kusini.

Pamoja naye alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa utumwani, akapelekwa India na hatimaye akarudi Afrika akiwa huru. Alizungumza na Speke kwa Kihindustani. Bombay naye alikuwa na macho, tena macho ya mtu aliyewahi kuvuka bahari na kurudi. Tukitumia lugha ya leo, alikuwa mtu wa ughaibuni. Maji aliyoyatazama ni yaleyale. Kutazama kwake hakukuzaa ramani wala jina. Tofauti baina ya watu wawili hawa haikuwa ndani ya mboni za macho yao, ilikuwa katika nguvu iliyosimama nyuma ya kila mmoja. Miaka 43 baadaye reli ilifika kwenye ziwa hilo. Jicho halikulaza hata reli moja, lakini reli ilielekezwa na kile ambacho jicho lilikuwa limekitangaza.

Mtalii wa leo si Speke, na ni upuuzi kumsomea mashtaka ya karne ya kumi na tisa mtu aliyekuja kupumzika na kupiga picha za yangeyange. Funzo ninalolichukua ni dogo zaidi: kutazama ni tendo. Kuna mahali pa kusimama, kuna uwezo unaolisindikiza, na kuna jambo linaloanzishwa nalo. Msemo wetu wa pazia unalizungumzia jicho kana kwamba ni dirisha, kitu kilichotobolewa ukutani ambacho mwanga hupita bila mtu kutenda neno. Mwenye kutazama, hata hivyo, ni mtu. Alichagua kuja, na akija huwakuta wengine.

Lugha yetu yenyewe inalijua jambo hili vyema kuliko msemo ule. Neno mtalii tunalolitumia kila siku limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuangalia kwa makini, kupitia maandishi, kusoma. Mzizi huohuo ndio uliotupa mtalaa. Katika matumizi ya zamani mtu aliweza kutalii kitabu. Kwa hiyo, kwa Kiswahili, mtalii na mwanafunzi ni ndugu wa tumbo moja, na utalii usio na kujifunza ni neno lililopoteza nusu ya maana yake. Wala haya hayakuwa maneno matupu. Salim bin Abakari alisafiri Urusi na Siberia mwaka 1896, na masimulizi yake yakachapishwa na Carl Velten mwaka 1901 katika mkusanyiko wa Safari za Wasuaheli. Hapo ni Mswahili anayewatazama watu wa kaskazini na kuwapelekea habari watu wa kwao. Katika adabu yetu mtu aliyetoka safari hutakiwa habari kabla ya zawadi. Aliyekwenda akaona, akarudi kimya, huonekana kama aliyekula peke yake.

Kwa watu wa ziwa lenyewe, nao hawakuwa wakikaa na kungoja kutazamwa. Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe alimaliza mwaka 1945 riwaya yake ndefu kwa Kikerewe, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na tafsiri hiyo ikatoka mwaka 1980. Anayeisoma hukutana na jicho la mtu asiyeondoka: mwandishi anayejua kazi za shamba na za maji, dawa, ndoa, ugonjwa na mazishi kwa sababu alikuwepo zilipotendeka. Jicho la namna hiyo hulipa kadiri linavyoona, maana lisipotazama vizuri, mwenyewe atalala njaa au atazama. Jicho la mgeni halina mkaguzi wa aina hiyo. Likikosea, mgeni keshapanda ndege, na gharama ya kosa hubaki ufukweni.

Sasa turudi kwenye mafunjo, maana huko ndiko swali linakoacha kuwa la jumla. Tiva wa mafunjo husikika kabla ya kuonekana. Dume huita na jike hujibu upesi hivi kwamba masikio yasiyozoea hudhani ni ndege mmoja. Mashina ya mafunjo yamesongamana, marefu kuliko mtu, na wenyewe hupita chini kwa chini. Mtazamaji aweza kukaa saa nzima mtumbwini akizungukwa na sauti zao asione hata unyoya. Kijana aliyenichukua asubuhi moja, kazi yake kuwaongoza wageni, aliniuliza kabla hatujaingia kwenye mfereji: "Mzee, tuite ama tungoje?" Nilipomwuliza kuita ni kufanyaje, alinionyesha simu yake. Ndani yake alikuwa na sauti ya ndege yuleyule. Akiicheza, tiva hutoka. "Wageni wengi wana saa moja tu," alieleza, bila kulaumu. "Na wakikosa kumwona wanasema safari imeharibika."

Tulingoja. Tulisikia sana, na tukaona mara moja wekundu uliopita kati ya mashina. Swali la kijana lakini halikuniacha, kwa sababu ndani ya maneno yake machache mna jambo zima ambalo msemo wa pazia hulificha. Tiva akisikia sauti ile hudhani mwingine wa aina yake ameingia katika eneo lake. Huacha alilokuwa akilifanya, pengine kulisha makinda, na hutoka kulinda mpaka dhidi ya adui ambaye hayupo. Mgeni humwona akiwa wazi juu ya shina, akiwa amejaa ukali, na humwita mrembo.

Je, huku ni kusema uongo? Mtu anaweza kujibu kwamba uongo ni baina ya wenye maneno, na ndege hana maneno. Immanuel Kant alifundisha kwamba kumtendea mnyama ukatili ni kosa hasa kwa sababu humzoeza mtendaji kuwatendea watu vivyo hivyo. Kwa jibu hilo kosa la simu ni dogo, kwani hakuna aliyewahi kuwa katili kwa watu kwa kucheza sauti ya ndege. Mimi naona jambo limekaa kwingine. Kiumbe kinachoweza kudanganywa ni kiumbe chenye upande wake wa kuutazamia ulimwengu. Jiwe halidanganyiki, wala machweo hayadanganyiki. Tiva hudanganyika kwa sababu naye yuko katika shughuli ya kuangalia: ana mipaka yake, ana mwenzi wake, ana mambo anayoyajali yasiyotuhusu. Macho yetu hayana pazia, lakini yeye analo, nalo ni mafunjo. Kumchezea sauti ya kughushi ni kulivuta pazia hilo kwa mkono uliofichwa, kisha kusema kwamba tulikuwa tukitazama tu.

Inafaa kutaja pia nani hasa alitaka pazia livutwe. Kijana yule hakuwa na haraka. Anaishi pale, angeweza kumwona tiva kesho au keshokutwa. Haraka ilikuwa ya likizo, ya tiketi ya kurudi, ya orodha ya majina inayotakiwa kujazwa kabla ya chakula cha mchana. Riziki yake hutegemea kuridhika kwa mgeni, na kwa hiyo haraka ya mgeni huwa kazi yake. Kwa sababu hiyo lawama haimwangukii yeye kwanza. Anayelipa ndiye anayeamua kama mtumbwi utangoja, na uamuzi huo ni wa kimaadili hata kama mwenyewe anauona kuwa ni wa ratiba.

Pazia la tiva, hata hivyo, si mali ya tiva peke yake. Mafunjo hukatwa. Wakazi wa ukingo wa ziwa hukata na kukausha, wakasuka mikeka, vikapu na viti, wakauza mjini. Mtazama ndege akiona kipande cha kinamasi kilichokatwa, moyo wake huruka moja kwa moja kwenye marufuku. Ana hoja. Mafunjo huchuja matope yaletwayo na mito, na katikati ya mashina yake aina za samaki wa asili zimepata maficho dhidi ya sangara, aliyeletwa ziwani katikati ya karne iliyopita na kuwameza wengi wao. Lakini mafunjo yaliyokatwa kwa kiasi huchipua tena. Yanayochomwa, kukaushwa na kulimwa, au kufukiwa ili pajengwe, ndiyo yasiyorudi. Kumweka mkata mafunjo na mkausha kinamasi katika fungu moja ni kutazama kwa mbali mno.

Ufukweni nilimkuta mama mmoja akisuka. Nilimwuliza kama kazi yake haiwasumbui ndege ambao wageni huja kuwaona. Hakuinua macho kutoka kwenye mkeka. "Tukikata huku, wao huhamia kule," alisema. "Tukikata kote, sisi na wao tutaenda wapi, baba?" Nimesoma maandishi marefu juu ya uhifadhi ambayo hayakufika kwenye sentensi ile. Mama yule hakuzungumza kama mtu aliye nje ya kinamasi akikihurumia. Alijihesabu pamoja na ndege katika hasara moja. Na mwaka 2020, maji ya ziwa yalipopanda kupita kiwango cha juu cha mwaka 1964 na kuingia katika makazi ya ukingoni, huku wageni wakiwa hawasafiri kwa sababu ya ugonjwa wa korona, waliobaki na kinamasi ni watu kama yeye.

Msomaji aliye Muscat, Leicester au Minneapolis anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya wageni wa kizungu wenye darubini. Nadhani yanatuhusu sisi zaidi. Kwenye lango la hifadhi za wanyama za Kenya bei huandikwa kwa makundi: raia, mkazi, mgeni. Mwana wa nchi aliyeishi nje miaka ishirini husimama mbele ya kibao hicho akijua yuko kundi gani kwa karatasi, lakini hajui yuko kundi gani kwa macho. Anakumbuka harufu ya samaki anayekaangwa, anajua kuomba nafasi matatuni. Papo hapo ametoa simu na anapiga picha ya mtoto aliyebeba maji, picha itakayowahuzunisha marafiki wa mbali na kumpa yeye heshima ya kuwa wa huko. Macho yake yana ruhusa mbili, ya mwenyeji na ya mgeni, na kishawishi kikubwa ni kutumia kila moja pale inapomwepusha na wajibu wa nyingine.

Kuna kishawishi cha pili, cha kifasihi zaidi. Tunapenda kumgeuza kila ndege kuwa sisi. Mbayuwayu wanaoruka kutoka Ulaya kuja Afrika na kurudi tumeshawafanya wahamiaji wasio na pasipoti. Furukombe tumemfanya uhuru. Tiva aliyejificha nadhani atafanywa lugha ya mama. Siyakatai mashairi. Ninachosema ni kwamba huku nako ni kuita kwa sauti ya kughushi. Mbayuwayu hasafiri kwa ajili ya kutufariji, wala hana mahali aitapo kwao kwa maana yetu. Kumtazama kwa haki huanza na kukubali kwamba maisha yake hayatuhusu, na kuyaona hivyohivyo kuwa ya thamani.

Utakuja upinzani, nao ni wa haki: je, furaha yote itozwe ushuru? Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima katika ghala baridi, akapata wiki tatu za jua, naye aambiwe kwamba hata kutazama machweo ana deni? Nitajibu kwa kutenganisha deni na hatia. Hatia humtaka mtu ajione mbaya. Deni humtaka alipe, na katika jamii zetu kudaiwa si fedheha. Ni dalili kwamba mtu yumo ndani ya mzunguko wa kupeana. Asiyedaiwa na yeyote ni mpweke au ni sultani. Mtu aliyefurahishwa na ziwa ameshapokea. Kumwambia kwamba anadaiwa ni kumkaribisha ndani.

Wala kiingilio hakimalizi hesabu. Kiingilio hununua kupita langoni, nauli hununua jasho la mwenye mtumbwi, na vyote viwili vilipwe kwa ukamilifu bila kubishania shilingi za mtu anayelisha nyumba. Lakini mama mwenye mkeka hakusimama langoni, na tiva hana mfuko. Kwao malipo ni ya namna nyingine. La kwanza ni kujizuia: kungoja badala ya kuita, na kukubali kurudi bila kuona. La pili ni kujua: kuuliza jina ambalo wenyeji humpa ndege kabla ya kutafuta lile la kitabuni. Kijaluo kina okok kwa yangeyange anayefuata ng'ombe na otenga kwa mwewe. Pwani yetu ina majina yake. Lakini ndege wengi wa bara hawajapata jina la Kiswahili linalojulikana na wote, na kazi hiyo ni ya wanaosoma majarida kama hili. La tatu ni habari: kusimulia tulichokiona kwa namna ambayo waliotazamwa, wakisomewa, wasione haya kwa niaba yetu.

Waliotangulia walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakasema pia, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Misemo hii miwili husahihisha ule wa pazia. Kuja kwa mgeni kunatarajiwa kumletea mwenyeji nafuu, na mgeni akikaa vya kutosha kuona, amekaa vya kutosha kufanya kazi. Hapo ndipo swali gumu la Dunga linapobaki, nami sina njia ya kulifanya jepesi. Ipo siku mkeka na ndege havitatosha pamoja katika kinamasi kinachozidi kusongwa na mji, na wenye darubini watataka kutoa hukumu. Mwenye kutaka mafunjo yasikatwe awe tayari kuulizwa mama yule atasuka nini, na sehemu gani ya hasara hiyo ataibeba yeye. Kama hana jibu, ametazama tu, na hukumu aiache kwa wanaoishi pale.